Vitufe Vitatu vya Uthmani

Inspekta Rénovat alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, akangoja, na hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kama mtu anayemgongea mlango mpangaji mkaidi. Kompyuta ilibaki kimya. Bi Khadidja, aliyekuwa ameketi mkekani sebuleni kwake, pale mtaa wa Jabe mjini Bujumbura, nyuma ya soko, alishusha pumzi, na inspekta akatambua kwamba mama huyu alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye vidole vya mgeni wake.

Haikuwa kesi ya polisi, na Rénovat alilijua hilo kabla hajavuka kizingiti. Kesi ya polisi ilikuwa ile nyingine. Uthmani, mwana wa pekee wa Bi Khadidja, fundi wa kompyuta, aligongwa na gari jioni moja akitoka kazini, na gari likakimbia. Katika faili la Rénovat mlikuwa na kipande cha taa iliyovunjika na maelezo ya mashahidi wawili wasiokubaliana hata juu ya rangi ya gari lenyewe. Faili lilikuwa limelala, na yeye, mtu mzima mwenye cheo, alikuwa na tabia ya kupita mtaa wa pili ili asikutane na mama wa marehemu. Sasa mama ndiye aliyemfuata ofisini, akasimama mbele ya watu na kusema kwamba mwanawe ameuawa mara ya pili.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Uthmani alipokuwa hai, alimwamsha mama yake kwa swala ya alfajiri kwa kumwita kupitia ukutani. Alipoanza safari za Uvira, upande wa Kongo, kutafuta vipuri, mama akawa anafumbua macho kisha anapitiwa tena na usingizi. Basi Uthmani akairekodi sauti yake ndani ya ile kompyuta ndogo ya kukunja na kuifunga kwenye njia ya mkato: Ctrl, Alt, na U ya jina lake. Bi Khadidja hakusoma, kwa hiyo mwanawe alivibandika vitufe hivyo utepe mwekundu. Mama akifumbua macho tu, abonyeze vyekundu vyote, amsikie mwanawe, ainuke. Baada ya maziko aliendelea kubonyeza kila alfajiri, mpaka asubuhi moja ya wiki iliyopita vitufe vikakataa kuitika.

Rénovat alimwambia pole, na pole yake ikarudishwa.

"Sitaki pole, afande," alisema Bi Khadidja. "Sura yake imeanza kunitoka, wallahi. Nafunga macho naona shati tu. Hii sauti njo kitu nilibaki nacho. Na yenyewe ikipotea, nitabaki na nini?"

Rénovat akajifanya ana kazi. Na kweli alikuwa nayo. Miaka yake ya kuandika ripoti kwa vidole viwili ilikuwa imemfundisha kwamba mashine huhojiwa kama mtuhumiwa, swali moja moja, bila kuruka. Alifungua ukurasa mtupu akapiga U, ikaandika. Alijaribu Ctrl kwa kunakili neno na kulibandika, likabandikika. Alt nayo ilifanya kazi yake. Kibodi basi haikuwa mgonjwa. Labda spika? Akatafuta kaswida moja iliyokuwamo, akaicheza, ikajaza sebule mpaka Bi Khadidja akainua mkono kuomba aizime. Vitufe vizima, spika nzima, na vitufe vile vile vikishikwa pamoja, kimya.

Kisha akaona kitu pembeni chini ya kioo, pale mashine inapotaja lugha ya kibodi yake. Bujumbura yote huandika kwa kibodi ya Kifaransa. Hii ilikuwa imewekwa ya Kiingereza.

Aliuliza ni nani katika nyumba hii anayeandika kwa mtindo wa Waingereza. Bi Khadidja alikuwa akilingoja swali hilo kwa hamu ya mtu aliyekwisha kukata hukumu. Prodige, alisema. Yule kijana wa Kikongo aliyekuwa akikaa meza moja na Uthmani kwenye kibanda cha ufundi, huko mtaa wa Nyakabiga. Alikuja kuchukua picha za wateja zilizobaki ndani ya mashine, akakaa nayo pale pale sebuleni, akaondoka, na baada ya hapo sauti haikusikika tena. Alimwonea Uthmani wivu tangu zamani. Bi Khadidja alikuwa amekwisha kuwaambia majirani, na majirani wamewaambia wateja, kwa sababu lisemwalo lipo.

Akiwa amefunguka namna hiyo, alimwaga na mengine. Goti linamuuma. Mjumbe wa mtaa hajaja kumpa pole mpaka leo. Na toka mashine inyamaze, hata maji ya moto ya kutawadha hapati tena, anajiosha kwa maji baridi kama mtu asiye na watu. Lakini hamlaumu mkwewe, mke wa marehemu, msiba unachosha. Rénovat aliitikia "ego, mama", ndiyo ya Kirundi, katika kila moja, kama aitikiavyo mtu ambaye akili yake iko kwingine.

Alibaki shahidi mmoja. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia alikaa Waridi, mjane wa Uthmani. Eda yake haijaisha. Hakutoka nje, na mwanamume wa kando hakuruhusiwa kukaa naye uso kwa uso. Rénovat alikuwa mpelelezi wa kutazama macho. Hapa alipewa kitambaa, na chini ya kitambaa ncha za miguu miwili kwenye sakafu ya saruji. Alimuuliza kama aliona nani aliigusa mashine. Waridi alijibu kwa sauti ndogo kwamba yeye hajui. Miguu ilirudi nyuma kidogo, na Rénovat akaona ni haya ya mwanamke aliyefiwa.

Alikwenda Nyakabiga kwa miguu, kwa kuwa gari la kazi halikuwa na mafuta, na hilo siku hizi halimshangazi mtu. Kibanda cha Prodige kilikuwa kati ya kinyozi na muuza sabuni. Kinyozi alikuwa na watu watatu kwenye foleni. Prodige alikuwa na meza tupu, kitambaa, na bisibisi aliyokuwa akiifuta ingawa haikuwa chafu. Upande wa pili wa meza kilikuwapo kiti cha Uthmani, na juu ya kiti hapakuwekwa kitu chochote.

Rénovat alimwonyesha kitambulisho na kumuuliza moja kwa moja kuhusu ile lugha.

"Ni mi niliweka anglais, chef, siwezi kataa," alisema Prodige. "Nilisomea Kampala. Vidole vyangu havijue klavie ya Kifaransa. Nilipomaliza nikasahau kurudisha, njo kosa yangu."

Hapo mpelelezi mwingine angefunga mikono ya kijana na kwenda zake kula. Sababu ilikuwa imepatikana, na mtu wa kuibeba amepatikana. Rénovat mwenyewe alikwisha kuonja adha ya kibodi ya Kiingereza: aliwahi kuandikia ripoti kwenye mashine ya mgeni mmoja, na kila A ikawa Q, kila Z ikawa W, mkubwa wake akamuuliza kama alikuwa amelewa. Lakini alikuwa mtu wa swali moja moja. Chini ya meza palikuwa na kibodi mbili kuukuu, moja ya Kifaransa, moja ya Kiingereza. Aliziweka sambamba. Akaweka kidole kimoja juu ya U ya huku, na kingine juu ya U ya kule. Vidole vikalingana sawasawa.

Prodige alikuwa akimtazama. "U haikuhama," alisema polepole.

"Haikuhama," alisema Rénovat. Kama Bi Khadidja angemzaa Ali au Zuberi, lugha ya kibodi ingetosha kuwa jibu. Kwa Uthmani haikutosha. Mtuhumiwa wake alikuwa amesafishwa na herufi moja, na inspekta alijikuta anafurahi, jambo ambalo halimo katika kanuni za kazi yake.

Kijana hakufurahi. Aliweka bisibisi chini. "Nilifika hapa Buja na sandale tu," alisema. "Uthmani njo alinipatia hii kiti, akanifundisha mashini, hata swala yake ikifika alikuwa ananiachia kibanda chote. Mi nizime sauti yake? Mama yake nikimusalimia sasa anageuza uso. Ile inaniuma kuliko hii meza kukosa kazi."

Rénovat alikaa akamwacha amalize. Kisha akauliza: kama vitufe ni vizima, spika ni nzima, na lugha haina kosa, ni nini kinaua njia ya mkato?

Prodige alimweleza, na ilikuwa rahisi kuliko alivyotarajia. Vitufe haviijui sauti; vinaijua picha moja ndogo iliyokaa mbele ya kioo, nayo picha ndiyo inayoielekeza mashine mahali sauti ilipo. "Mutu akitosha ile picha pale mbele, akaihamishia mu dosie, kasha ya mule ndani, butoni zinakufa," alisema. "Lakini sauti yenyewe haifi. Iko tu mule ndani."

"Na nani mwingine alijua hivyo?"

Prodige alichukua tena bisibisi akaanza kuifuta. Hii ilikuwa mara ya kwanza anakwepa, na Rénovat aliiona. "Uthmani alijua," alisema mwishowe. "Na mutu mwenye alikuwa anakaa karibu yake wakati anaitengeneza. Aliitengenezea nyumbani, chef, haikuwa hapa. Usiniulize zaidi."

Njiani kurudi Jabe, katikati ya wauza ndizi na kelele za baiskeli, yale maji ya moto yakamrudia. Alikuwa ameyasikia na kuyapuuza, kwa sababu yalisemwa pamoja na goti. Vitu viwili vilikuwa vimenyamaza katika nyumba moja kwa wakati mmoja: sauti ya Uthmani, na sufuria ya alfajiri. Mwizi wa sauti asingeshughulika na sufuria. Mkwe aliyechoka na msiba angechoka tangu mwanzo, wakati jeraha ni bichi, si sasa. Kwa nini basi maji yanyamaze pale pale sauti iliponyamaza? Alipopata jibu alisimama katikati ya njia, na mtu wa mkokoteni akamtukana kwa Kirundi safi. Hakumjibu. Alisikia huzuni ikimkaa kifuani, na akatamani jibu liwe la uongo.

Bi Khadidja alikuwa pale pale alipomwacha. Rénovat aliomba kompyuta, akaanza kufungua makasha ya ndani, moja baada ya jingine. Picha za wateja. Kaswida. Bei za vipuri. Kisha kasha lililoandikwa *Harusi*. Ndani mlikuwa na Uthmani amevaa kanzu nyeupe, mwembamba, anacheka kwa meno yote. Mlikuwa na Waridi ameinamisha macho, mikono yake imejaa hina. Na katikati ya picha hizo, pasipo na haki ya kuwapo, ile picha ndogo ya njia ya mkato.

Hakuna mwizi anayetunza namna hii. Mtu mwenye chuki angefuta, na kufuta ni rahisi kuliko kuhamisha. Huyu alikuwa ameitoa sauti pale mbele na kuilaza mahali alipopaona pazuri kuliko pote ndani ya mashine.

Sasa ilimbidi achague, na hakuna kitabu cha sheria kilichomsaidia. Kumhoji Waridi peke yake hakuwezekani, kwa ajili ya eda. Kumhoji mbele ya mamamkwe kulikuwa sawa na kumvua nguo. Rénovat aliamua kusema uongo. Angeirudisha picha mahali pake, angesema mashine ilikuwa na hitilafu, Bi Khadidja angempata mwanawe, Prodige angepata wateja, na yeye angekwenda nyumbani. Akaivuta ile picha mpaka mbele ya kioo. Akasema, "Mama, nafikiri imepona," akaweka vidole juu ya utepe mwekundu.

"Afande," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Tafadhali usibonyeze."

Bi Khadidja aligeuza kichwa. Miguu ilikuwa imefika ukingoni kabisa mwa pazia.

"Ni mi niliitosha pale," alisema Waridi. "Mama, ni mimi. Prodige hana kosa. Nilisikia mukimusema yeye nikanyamaza, na hiyo Mungu ataniuliza."

Aliendelea kwa sauti ile ile ndogo, bila kulia, na kutolia kwake kulikuwa kugumu kusikiliza. Alisema kwamba Uthmani alipokuwa hai, alfajiri ilikuwa na mpangilio wake. Anamwita mama yake ukutani; Waridi anasikia, anaamka, anawasha imbabura, lile jiko la makaa, anateleka maji ya mumewe ya kutawadha, anayaweka kwenye beseni mlango wa uani. Mwili wake ulizoea kufanya hivyo usingizi ukiwa bado haujamtoka. Uthmani akazikwa, na alfajiri iliyofuata mashine ikaita. Mwili wake ukaamka.

"Nasikia anaita, naamuka," alisema Waridi. "Nawasha moto, naweka maji. Nafika nayo pale mulangoni, naweka beseni chini, ndio nakumbuka. Kila siku, mama. Kila siku alikuwa ananifia upya, pale pale mbele ya beseni. Kutoka siwezi, niko eda. Kukwambia siwezi, ningeanzia wapi? Kuifuta nayo sikuweza. Njo nikaiweka mu picha zetu."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Juu ya uchungu wa mke hawakuacha neno, na Rénovat, aliyekuwa na methali kwa kila jambo, alikaa akatazama mikono yake.

Bi Khadidja alikuwa amekunja ncha ya mtandio wake, anaikunja na kuikunjua. Alipozungumza hakuuliza habari ya mashine.

"Yale maji," alisema. "Yale nilikuwa nayakuta pale mulangoni. Hayakuwa yangu?"

"Apana, mama," alisema Waridi. "Yalikuwa ya Uthmani."

"Mi nilitawadha nayo." Alimgeukia Rénovat, kana kwamba yeye ndiye kadhi. "Nilikuwa nasema, mutoto ameniachia mukamwana mwema, ananionea huruma. Niliwaringia majirani. Asubui nikibonyeza na ile beseni ikaja, nilikuwa nasema bado niko na watu. Kumbe nilikuwa namuamusha mutoto wa watu kwenda kumutumikia maiti."

Rénovat alisema kwamba hakuna aliyekosa. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia yeyote. Aliuliza afanye nini na ile picha ndogo: aiache mbele, au airudishe ndani?

Bi Khadidja alifikiri. Huko nje mwadhini alikuwa anakohoa karibu na kipaza sauti, alasiri inakaribia.

"Bonyeza mara moja," alisema. "Tumusikie wote wawili tukiwa macho. Halafu uirudishe kwa harusi yao, ikae pale mpaka eda iishe. Mi nitangoja. Na kesho, inshallah, nitaenda Nyakabiga kwa hili goti langu, nimuombe yule kijana samahani mbele ya wateja." Kisha akasema kuelekea pazia, "Unaweza, mwanangu?"

"Naweza," alisema Waridi.

Rénovat akabonyeza. Vitufe viliitika mara moja. Kulikuwa na mkwaruzo, jogoo wa mbali, na sauti ya kijana mwenye haraka na mwenye furaha.

*"Mama, salaam aleikum. Ni mi, Uthmani. Amuka, swala imefika. Mi natoka kidogo, lakini ntarudi. Usinune."*

Basi. Chini ya pazia, mguu mmoja ulikuwa umeinuka kuelekea upande wa uani. Ulikaa hivyo hewani, kisha ukarudi chini pole pole, na hapo ndipo Waridi alipoanza kulia. Rénovat alikuwa amewasikia wengi wakilia kwa ajili ya kazi yake, na huyu alimshinda. Alimfikiria mtu mmoja mahali fulani katika mji huu, mwenye gari lililokosa kipande cha taa, ambaye labda alikuwa anakula. Siku nzima alikuwa amepeleleza, amehoji, ametatua, na mkosaji mwenyewe hakuwa amemkaribia hata hatua moja. Alivuta ile picha ndogo akairudisha ndani ya *Harusi*, akafunga kompyuta. Moyoni aliona aibu.

Alipoinua macho, mkeka ulikuwa mtupu. Bi Khadidja alikuwa amekwenda uani. Alisikika akivunja makaa, akipuliza, akimimina maji kwenye sufuria. Rénovat alivaa viatu vyake mlangoni bila haraka, kwa sababu hakujua namna ya kuaga. Mwadhini alianza. Mama alipita mbele yake anachechemea, beseni mikononi, mvuke ukimpanda usoni. Aliinama kwa shida kwa ajili ya lile goti, akaliweka beseni chini ya pazia la maua.

"Waridi," alisema. "Amuka, mwanangu. Haya maji ni yako."